Gia ya Tatu Isiyokuwepo

"Tatu hiyo, imeingia," alisema fundi Hiza, akakaza mkono kwenye usukani utadhani kaiingiza yeye.

Gari lilikuwa la otomatiki, mtumba kutoka Japani, na ndani ya giaboksi yake hamkuwa na gia ya tatu wala ya pili. Mlikuwa na mkanda mmoja wa chuma uliozunguka kati ya puli mbili, ukipanda na kushuka bila kituo. Hiza hakulijua hilo. Yeye alikulia kwenye malori ya mkonge, akajijengea jina kwa kutambua ugonjwa wa giaboksi kwa sikio tu, na tangu watoke Korogwe sikio lake lilikuwa likisubiri mshtuko wa gia kubadilika. Mshtuko haukuja. Basi akawa anautangaza mwenyewe.

Nyuma walikaa wawili. Mmoja ni Bi Mwantumu, mkwewe, mkunga mstaafu wa Handeni, aliyetaka kulinunua gari hilo. Wa pili ni Yusra, mke wa Hiza, aliyerudi kwa mama yake, huu ukiwa mwezi wa pili. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Alisema tu amechoka kuishi na mtu ambaye hajawahi kusema sijui. Kwa hiyo mkwe alipomwomba akampimie gari, Hiza aliona mlango umefunguka: akilipima vizuri mbele ya mama, mke atarudi. Alinyoa ndevu, akavaa ovaroli mpya.

Adabu ya kwao haikumruhusu kumtazama mkwe usoni wala kusemezana naye ana kwa ana. Maneno yalipitia kwa Yusra, ingawa wote watatu walikuwa wakisikiana vizuri sana.

"Mama anauliza gia ziko ngapi."

"Mwambie tano."

"Anasema amesikiliza tangu Korogwe, hajasikia hata moja."

"Mwambie gari zima halipigi kelele. Anunue tu."

Wakafika kilimani. Injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukaruka juu, na gari likabaki linatambaa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa akawapita, akawapa na pole ya safari.

"Anasema uchungu upo, ila mtoto hashuki," Yusra alifikisha ujumbe.

Hiza akafungua kinywa kusingizia petroli. Kwenye kioo akaiona mikono ya mkwe imekumbatia mkoba, imetulia, inamwamini. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaegesha pembeni.

"Mwambie mama," akasema, "giaboksi hii siijui. Zile gia nilizitunga. Asinunue mpaka ikaguliwe na mtu anayezijua, mwenye mashine ya kupimia. Yupo mmoja Korogwe."

Yusra hakufikisha chochote. "Mama hajasikia. Rudia."

"Siijui."

Bi Mwantumu, aliyesikia tangu mara ya kwanza, aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wakageuza kurudi Korogwe. Kwenye mteremko gari lilikwenda vizuri, maana huko hata jiwe huenda.

"Ile pampu ya kisima uliyosema imepona," Yusra akaanza, "ilipona?"

"Sijui. Naipiga teke ndiyo inatoa maji."

"Na bati la chumbani?"

"Linavuja. Nilisema halivuji, lakini linavuja."

"Na mimi nikirudi, utakuwa unanisikiliza?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, la haraka, kama yote aliyompa kwa miaka tisa. Hiza akalimeza. Lilimuuma kulimeza.

"Sijui, Yusra. Nataka sana, lakini sijui."

Nyumba za Korogwe zilipoanza kuonekana, Yusra akauliza kama nyumbani kuna sukari.

"Haipo," akasema Hiza, na hilo alikuwa na hakika nalo.