Sauti ya Mpima Zege

Ripoti ya tume iliyochunguza ajali ya daraja iliingia kiwanda cha uchapaji Jumanne asubuhi, nakala mia tatu, na msimamizi akaipeleka kwenye meza ya mjane wa mtu aliyelaumiwa ndani yake. Hakukusudia. Alikuwa anagawa kazi tu.

Mwanamke huyo alikuwa mjalidi. Miaka kumi na sita alipanga kurasa, akashona migongo ya vitabu na kupaka gundi, mpaka harufu yake ikamganda mikononi. Mumewe alimwita Gundi. "Njoo hapa unate," angesema akirudi kazini, na vumbi la saruji bado kwenye nyusi zake.

Mume alikuwa mpima zege wa kampuni iliyojenga daraja jipya. Kila zege lilipomwagwa, alichukua kiasi akakifinyanga vipande, akavisubiri siku ishirini na nane, kisha akavibana kwenye mashine na kuandika vimevunjika kwa uzito gani. Alisema kazi yake ni kuvunja vidogo ili vikubwa visivunjike. Daraja lilifunguliwa kwa mbwembwe. Miezi minane baadaye lilianguka, na yeye akiwa chini yake, akikagua ufa. Walikufa watu kumi na wawili.

Mjalidi akianza kusoma, hamalizi kazi. Yeye hakuwahi kusoma alichojalidi. Lakini ukurasa wa themanini na nane ulimsoma yeye: "Chanzo cha ajali ni uzembe wa mpima zege, ambaye sasa ni marehemu."

Aliketi. Mashine ya kukata karatasi iliendelea kushuka na kupanda nyuma yake.

Alijua ni uongo, kwa kuwa alikuwa na simu ya mumewe. Mikono ikiwa na tope mtu hawezi kuandika, kwa hiyo mumewe alikuwa akijirekodi sauti kwa simu pale pale kazini. Hospitali ilimrudishia mjane simu hiyo pamoja na saa na viatu. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuvaa, alisikiliza rekodi moja. Hakusikiliza kwa ajili ya habari za zege, ingawa alizijua kwa moyo. Alisikiliza jinsi mtu wake alivyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito.

Saa ya chakula cha mchana alikunja nakala iliyoharibika ya ukurasa huo ndani ya gazeti, akaenda kwa wakili wa familia za waliokufa.

Wakili alisoma, akavua miwani. "Dada, hiyo simu naihitaji yenyewe. Ikifika mahakamani itafungwa kwa lakiri, na sijui itatoka lini."

"Nitoe nakala kwanza?"

"Usithubutu. Ikipatikana nakala hata moja, watasema tumeikata na kuiunga. Isiwepo."

Aliomba siku chache. Kuta nazo zina masikio: Jumamosi adhuhuri mtu wa kampuni alibisha hodi, suti imenyooka, tabasamu limenyooka zaidi.

"Shemeji, pole sana," alisema, ingawa hakuwahi kuonana na marehemu. "Ile simu ni mali ya kampuni. Sisi hatuna neno. Tuko tayari kuwapa nyumba. Na wewe kazini kwako, nasikia wanapunguza watu. Itakuwa vibaya uwe miongoni mwao."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, nyumba yenu ya kutupa, zege lake kapima nani?"

Yule bwana aliondoka bila kuaga. Jumatatu mjalidi alikuta barua ya kusimamishwa kazi mezani kwake, na gari lenye watu wawili likaanza kuegeshwa mbele ya nyumba tangu kucha hadi jioni.

Hofu haikumzidi. Kilichomzidi ni asubuhi. Alijiuliza ataamkaje bila ile sauti, kwani uso alikuwa na picha zake, lakini sauti haina picha. Siku mbili alizunguka na simu mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Ya tatu alikaa kwenye ngazi za ofisi ya wakili, akasikiliza rekodi zote, ya kwanza hadi ya mwisho, watu wakimruka kupanda na kushuka. Kisha akaingia, akaiweka mezani.

"Chukua kabla sijageuka."

Mahakama ilijaa siku rekodi ilipochezwa. Mama mkwe, ambaye tangu msiba hakutaka kuisikia kabisa, alikuja akaketi mstari wa mbele.

"Vipande vya nguzo ya tatu vimevunjika chini ya nusu ya uzito," ilisema sauti, tulivu, na upepo nyuma yake. "Nimekataa kusaini. Mkurugenzi anasema waziri lazima akate utepe kabla ya uchaguzi. Nimemwambia zege halipigi kura. Kasema atasaini mwenyewe kwa jina langu." Kisha: "Gundi, unikumbushe, bomba la jikoni linavuja."

Wakili wa kampuni alisimama upesi. "Mheshimiwa, huyo Gundi ni nani? Hili ni jina la siri!"

Mjane alisimama pia, bila kuitwa. "Ni mimi, mheshimiwa. Na bomba bado linavuja."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alikuwa anatazama viatu vyake.

Nje, kwenye ngazi, mama mkwe alimshika mkono. "Alikuwa anakohoa. Hukusikia? Kabla ya kusema utepe. Mwanangu alikuwa na kifua, hakuniambia."

Rekodi ile mjalidi alikuwa ameisikiliza mara mia, na hakuwahi kusikia kikohozi.

Ripoti iliondolewa. Mkurugenzi alifungwa, akakata rufaa. Waziri alijiuzulu kwa sababu za kiafya, ingawa watu walimwona akicheza mpira wikendi ile ile. Mjalidi alirudishwa kazini, akajalidi ripoti mpya yenye ukweli ndani yake. Simu ilibaki ghala la vielelezo. Kila mwezi alikwenda kuuliza, na kila mwezi karani alimjibu, "Rufaa, mama. Bado."

Asubuhi zilikuwa kimya. Alijaribu kuisikia ile sauti kichwani, na kila siku ilizidi kufanana na yake mwenyewe. Ikamtisha. Asubuhi moja alimwambia mama mkwe.

Bibi akasogeza kikombe. "Hebu liseme lile la kura."

"Zege halipigi kura."

"Siyo hivyo. Alilivuta mwishoni. Tangu utotoni alikuwa anavuta mwisho wa maneno. Kuraa."

"Kuraa."

"Taratibu kidogo. Anza tena."

Akaanza tena.