Ukuta wa Upande wa Mvua

Kaka yake alingoja mpaka siku ya ukaguzi ndipo amwambie.

"Ule ukuta wa upande wa mvua nimeutia nguvu," alimnong'oneza. "Wiki tatu zilizopita, nyie mlipokwenda kuchimba udongo. Nimepiga lipu ya saruji, juu nikapaka maji ya udongo, mama asijue."

Binti alimgeukia. "Saruji juu ya udongo?"

"Sasa udongo mtupu utamridhisha mkaguzi? Wewe nyamaza, mdogo wangu. Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa kazi yake kweli. Nyumbani walimwita Kimya. Mama yao alikuwa fundi wa kukandika, kama bibi yao kabla yake: udongo wa kichuguu, nyasi na samadi, vilowekwe siku saba mpaka vinuke, ndipo vipakwe. Zahanati hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya serikali. Mkaguzi akitia sahihi, mama atajenga na wodi ya wazazi. Akikataa, kuta zinabomolewa leoleo. Tingatinga lilishaegeshwa nje, dereva anachokonoa meno.

Mkaguzi aliingia na funguo zake mkononi. Akakwaruza ukuta wa kwanza, vumbi likamwagika.

"Mama, mimi nimekuja kukagua zahanati, siyo kiota cha nyigu."

"Nyigu hajawahi kuangukiwa na nyumba yake, bwana mkaguzi."

Dereva alicheka huko dirishani. Mkaguzi hakucheka. Akakwaruza wa pili, wa tatu, midomo ameibana. Kwenye ukuta wa nne, ule wa upande wa mvua, ufunguo uliteleza. Uso ukamkunjuka.

"Huu sasa ndio ukuta! Mngefanya zote hivi." Akachomoa kalamu.

Mama aliutazama ukuta ule kama mtu aliyekuta chungu chake kimetiwa chumvi na mwingine. Kaka akamkonyeza Kimya. Lakini Kimya alikuwa anatazama benchi lililowekwa chini ya ukuta, mahali watakapokaa wajawazito kusubiri zamu. Udongo hupumua. Ukiuziba, unyevu hukosa pa kutokea, na mvua ilikuwa imepiga wiki nzima.

"Subiri," alisema. Hakuna aliyesikia. Kalamu ilishagusa karatasi.

Akaokota mwiko, akagonga ukuta wa tatu kwa mpini: ndu. Akaugonga wa nne: ko, ko, kama debe tupu. Wote wakageuka.

"We mtoto!" kaka alifoka.

Kimya alichomeka tindo kwenye ufa wa kando ya dirisha, akakandamiza kwa uzito wake wote. Lipu ilibanduka kipande kizima kama mlango, ikaangukia benchi na kulivunja mguu. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kama uji.

"Niwashe, bosi?" dereva aliuliza.

Mkaguzi aliinama. Alilitazama benchi. "Nani kafanya hivi?"

Mama alimtazama Kimya, na Kimya akatazama sakafu. Kaka alisogea mbele.

"Mimi."

"Na hizi kuta tatu?"

"Gonga mwenyewe," Kimya alisema, sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Mkaguzi alizigonga moja moja, sikio limegusa udongo. Ndu. Ndu. Ndu. Akaurudia ule wa kwanza, akaugonga tena, kana kwamba anatafuta sababu ya kuukataa. Kisha akarudisha kalamu mfukoni.

"Sahihi leo sitii," alisema. "Bandueni huu wote, mkandike upya. Siku kumi na nne, nitarudi na funguo zangu." Akamgeukia dereva. "Wewe ondoa hilo dude."

Tingatinga lilipokwisha kuondoka, mama alimkabidhi kaka jembe.

"Kunja suruali, baba. Shimo la udongo linakusubiri."

"Na samadi, mama?"

"Utaokota mwenyewe. Kwa mikono."

Kimya alilivuta benchi pembeni, akainua tindo. Ko, ko, aligonga, akitafuta pa kuanzia.