Mtungi wa Masikio Mawili

Krrr. Kimya. Krrr.

Mama Sisimizi alifumbua macho gizani akatega sikio. Hakuwa panya, panya hana subira ya namna hiyo. Ilikuwa sauti ya kifuniko kikizungushwa, kikikwama, kikirudishwa nyuma, kisha kikianza tena. Akapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa limeshapoa.

Alimkuta mumewe jikoni, amekaa sakafuni bila taa, chupa ya chai ameibana katikati ya magoti. Kwa mkono wa kulia alikuwa anafungua kifuniko na kukifunga. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha nyuma, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Mkono wenyewe uliishia kwenye kifundo, hapakuwa tena na kiganja cha kuficha, lakini aliuficha hivyo hivyo.

"Unaona?" alisema bila kugeuka. "Nabana, nafungua, namimina, nafunga. Juzi nilikuwa namwaga. Leo hata tone."

"Baba Sisimizi, hakujapambazuka bado."

"Kazi yangu ni ya alfajiri. Sitaki mwili usahau." Akakaza kifuniko mpaka kikalia. "Leo ndiyo mnachagua mitungi, au siyo?"

"Ndiyo leo."

"Basi chagua ule wa chuma, wa mpini mmoja. Mzee Kufuli wa stoo kanidokeza upo. Nakuomba, mke wangu. Nimekaa ndani mpaka kuta zimenichoka. Usiniache hapa."

Mama Sisimizi alimgusa bega, akawasha jiko, akajifanya anatafuta majani ya chai ambayo yalikuwa mbele ya pua yake.

Kazini kwao, mumewe aliitwa Baridi, kwa sababu ndiye aliyeibeba. Tangi kubwa la naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, lilisimama uani mwa hospitali, nyuma ya jengo la kufulia. Maabara ilikuwa ghorofani, na lifti ilikuwa lifti kwa jina tu. Kila asubuhi Baridi alishuka na chupa tupu akapanda nayo imejaa ule umajimaji unaofuka moshi, wenye baridi ambayo ua likichovywa humo hupasuka kama kioo. Ndani yake Daktari aligandisha vipande vya uvimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa, ili vifike kwenye hospitali kubwa bila kuharibika. Kipande kikiharibika, mgonjwa hurudishwa kitandani akatwe tena. Mama Sisimizi, msaidizi wa maabara mchana na mwanafunzi wa masomo ya jioni, ndiye aliyempokea mumewe mlangoni. "Karibu, Baridi," alimwambia kila siku, naye alimjibu, "Shika, kabla sijaganda." Utani mmoja, miaka nenda miaka rudi, na haukuwachosha.

Chupa waliyotumia ilikuwa ya chai. Halikuwa jambo la siri. Daktari aliileta kutoka nyumbani kwake siku moja ya dharura, mtungi wa maabara ulipotoboka, na dharura ikazoeleka. Sharti lilikuwa moja tu: kifuniko kisikazwe. Naitrojeni haiachi kuchemka hata ndani ya chupa nzuri namna gani, na mvuke wake unataka nafasi mara mamia kuliko ule umajimaji wenyewe. Kwa hiyo kifuniko kiliwekwa juu tu, kama unavyofunika sahani ya mtu aliyechelewa kurudi.

Ila kifuniko kilicholegea hakizuii kitu kumwagika. Matone yalidondoka kwenye ngazi, mkeka wa plastiki uliobandikwa pale ukapasuka na kubanduka, na muuguzi mmoja akateleza. Baridi akaitwa, akaambiwa mbele za watu, "Hebu kuwa mwangalifu, bwana, unatuharibia jengo." Kesho yake akawa mwangalifu. Alikizungusha kifuniko kidogo. "Nusu mzunguko tu," ndivyo alivyomwambia kila aliyekuja kumpa pole, akiuonyesha hewani kwa vidole vilivyobaki. "Nusu tu."

Chupa ilipolipuka mkononi mwake, waliokuwa chini walidhani ni mtungi wa gesi wa jikoni. Mama Sisimizi alikuwa anaosha vyombo vya maabara. Alisikia, akashtuka, lakini akamaliza kusuuza kile kilichokuwa mkononi kabla ya kutoka. Hilo lilimtesa kuliko yote. Kwenye ngazi alikuta glavu ya kushoto imesimama wima, imeganda, kama inamsimamisha asipite. Hakuichungulia ndani.

Siku hiyo ya kuchagua, vyombo vitatu vilipangwa juu ya meza ya maabara. Mzee Kufuli, mtunza stoo aliyepata jina hilo kwa kufungia kila kitu mpaka ufagio, alisimama pembeni akiwa amekunja mikono.

"Wachumba ndio hao," alisema. "Oeni mmoja, wawili nawarudisha kwao."

"Mbona mmoja ni mwepesi hivi?" Daktari aliuliza, akilinyanyua boksi jeupe jepesi, la sponji ngumu ya aina ile inayofungiwa televisheni mpya zisivunjike. Alijaribu kutabasamu. Tangu ajali ile mama huyu wa makamo alikuwa amekonda, na chai alikuwa hanywi tena kazini. "Hili la mezani tu. La kuchovyea. Ukipanda nalo ngazi, ukifika juu umebeba moshi."

"Limeachika," alisema Mzee Kufuli. "Sasa mtazameni huyu."

Akausukuma mbele ule wa chuma. Ulikuwa mzuri, mtu asikudanganye. Unang'aa, una kuta mbili na katikati hamna hata hewa, mpini mmoja mpana wa kukaa kiganjani, na kifuniko cha kuzungusha chenye mpira ndani. Ulitengenezwa kwa ajili ya kubebea supu na uji wa wagonjwa. "Ulaze, upindue, hautoi hata jasho," alisema. Kisha akashusha sauti, akamwinamia Mama Sisimizi. "Na Baridi anarudi. Wakubwa nimewaambia wasiweke mtu mwingine mpaka mtungi upatikane. Akiweza kuubeba, kazi ni yake. Huyu anambeba kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi."

"Na ule wa tatu?"

Mzee Kufuli aliutazama kama mtu anayemtazama shemeji asiyempenda. Ulikuwa na tumbo kubwa, shingo fupi, masikio mawili ubavuni, moja huku moja kule. Kifuniko chake kilikuwa kizibo kirefu cha sponji ngumu, kinakaa mdomoni mwa mtungi bila kubana, kinacheza kama jino la mtoto. Hata ukitaka kukikaza, hapana pa kukazia.

"Ule ni wa mtu mwenye mikono yake yote," alisema. "Mtu mmoja, mzigo mmoja, ndivyo kazi ya kubeba ilivyopangwa hapa tangu zamani. Ukiununua ule, basi."

Akautazama mlango aliokuwa akiingilia Baridi.

Mama Sisimizi aliushika mtungi wa chuma, akaupima mkononi. Ulikaa vizuri mno. Akamwona mumewe anapanda ngazi, akamsikia mlangoni: Shika, kabla sijaganda.

"Daktari," alisema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyokusudia, "kifuniko tukikitoboa? Tundu dogo, la mvuke kupumulia. Si itakuwa salama?"

Daktari akakigeuza kifuniko mkononi. "Hata mimi nimeota hivyo. Tujaribu. Lakini hatukazi, tunakiweka juu tu."

Fundi akaitwa, kifuniko kikatobolewa. Wakaujaza mtungi, wakakiweka kifuniko juu, wakasogea nyuma ya kioo cha kinga. Mvuke ukatoka tunduni mwembamba na mnyoofu, ukipiga mluzi kama birika dogo. Mzee Kufuli akapiga makofi. "Mluzi si ndio huo! Nilisema mimi!" Mama Sisimizi akacheka, kicheko cha kwanza kazini tangu siku ya glavu, akaziba mdomo kwa mkono kama ameiba kitu.

Wakaendelea na kazi nyingine. Alikuwa anabandika majina kwenye vichupa alipohisi kuna kitu kimepungua chumbani, akainua kichwa. Mluzi ulikuwa umekatika.

Walikwenda wote watatu kuangalia. Kwenye tundu palikuwa na kishikizo cheupe cha barafu, kidogo, kizuri, kimekaa kama kimeshonwa. Unyevunyevu wa hewa ya chumbani ulikuwa umeganda pale pale mvuke ulipopitia. Pembeni, kifuniko kilikuwa kinainuliwa kidogo kidogo na mvuke uliokosa njia, tik, tik, kwa sababu tu hakuna aliyekikaza.

Daktari alichukua sindano nene, akachokoa. Haikupita.

"Kingekuwa kimefungwa," alianza Mzee Kufuli, akaacha. Akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Kuna tundu, lakini kifuniko bado kinazungushwa," alisema Daktari. "Na sote tumelelewa kukaza. Mtungi wa mafuta, chupa ya maji, kopo la unga. Mkono unakaza wenyewe kabla hujajua. Baridi akigombezwa tena kwa kumwaga, atakaza."

Lakini Mama Sisimizi hakuwa anafikiria mkono. Alikuwa anayaona magoti. Alfajiri ile, sakafuni, chupa imebanwa katikati ya magoti mawili, uso umeinamia kifuniko. Mtu wa mkono mmoja hana mahali pengine pa kubania. Safari hii ingelipukia mapajani, tumboni, machoni.

Akauvuta karibu ule mtungi wenye tumbo, akaweka viganja vyake kwenye masikio yote mawili.

"Huu," alisema.

Mzee Kufuli akausogeza pembeni ule wa chuma. "Una hakika, mwanangu?"

"Sina jingine."

Walipobaki wawili, Daktari alisema, "Mwambie nimekataa mimi. Chupa ilikuwa yangu, na hili acha liwe langu. Anichukie mimi."

"Hapana, Daktari. Aliniomba mimi. Akijibiwa na mtu mwingine itakuwa nimemkazia kifuniko na yeye."

Jioni hiyo hakuingia darasani. Alifika nyumbani jua bado lipo. Mumewe alikuwa uani anafua, nguo kazijaza kwenye karai la bati, anazikandamiza kwa kiganja na kuzisaidia kwa kigutu. Alikuwa amevaa shati la kazi. Alikuwa amelifua, akalipiga pasi, na kulivaa kumsubiri.

"Wa mpini mmoja?" aliuliza.

"Wa masikio mawili."

Aliendelea kukandamiza nguo. Povu likapanda, likashuka.

"Kwa hiyo umenifukuza kazi kwa mkono wako."

"Baba Sisimizi, nisikilize. Tulikitoboa kifuniko. Tundu likaziba kwa barafu, hata sindano haikupita. Ungekuwa umeubana magotini…"

"Ningekuwa mwangalifu."

"Ulikuwa mwangalifu!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Ulikaza ili usimwage. Ni huo huo uangalifu uliokuponza. Mimi sitaki kuokota glavu nyingine."

"Ni rahisi kuchagua masikio mawili," alisema taratibu, "wewe una mikono ya kushikia."

Hilo lilimwingia mkewe, naye mume alijua limeingia, kwa maana aliangalia pembeni. Povu lilikuwa linapasuka ndani ya karai, na kwa jirani redio ilikuwa inatangaza bei ya saruji kwa furaha isiyo na sababu.

Baridi akasimama. Alishika karai kwa sikio moja, akalinyanyua alipeleke kwenye kamba. Likalala upande. Maji yakamwagika miguuni, na nguo zikafuata moja moja kwenye vumbi: khanga, soksi, sare ya maabara ya mkewe. Mama Sisimizi alipiga hatua mbele.

"Usiniguse."

Mkewe akasimama pale pale, mikono yake miwili ikining'inia, haijui iende wapi.

Baridi alichuchumaa akaziokota, nguo kwa nguo, akizirudisha karaini na vumbi lake. Kila alipoinama shati la kazi lilizidi kulowa. Hakulia. Angelia, mkewe angejua la kufanya. Alipomaliza alishika sikio lile lile, akavuta pumzi, na karai likaanza kulala tena.

Ndipo mtoto alipotoka nyuma ya mlango. Walimwita Sisimizi kwa sababu tangu atambae hakuwahi kupita mahali bila kubeba kitu, jani, kijiko, kiatu cha mgeni. Alikuwa akiwachungulia muda wote huo. Alikuja moja kwa moja, miguu peku ndani ya tope, asimtazame mama wala baba. Akazunguka upande wa pili wa karai, akapanua miguu, akakamata sikio lililokuwa tupu kwa mikono yote miwili, akavuta juu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Karai likanyooka.

Baridi alimtazama binti yake, kisha akalitazama karai, halafu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamtazama mkewe. Mama Sisimizi alikuwa ameweka kiganja kifuani. Mtu mmoja, mzigo mmoja, alikuwa amesema Mzee Kufuli, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Mtoto alikuwa anatetemeka kwa uzito, lakini hakuachia.

"Baba, mimi nashika huku."