Mgeni wa Dakika Kumi

Nianze kwa kujisema mwenyewe: hadithi hii niliwahi kuisimulia, nikaiharibu. Nilisema mtunza tumbili aliwadanganya watu wa maabara. Nilimwonea. Hakudanganya, alinyamaza tu, na kunyamaza nako kuna siku kunamfikisha mtu pabaya kuliko uongo.

Alikuwa mtu wa makamo, tumbo mbele, utani mdomoni. Tumbili wake walikuwa wale wadogo wa kubebeka kiganjani, wenye vishungi vyeupe masikioni kama vibibi waliotoka saluni sasa hivi. Mmoja walimwita Shangazi, maana alimtazama kila mtu kama vile amekanyaga zulia na matope.

Pamoja na jicho hilo, Shangazi alikuwa mwoga wa kupindukia. Ndiyo maana Daktari, mwanamama aliyeongoza utafiti, alimchagua. Daktari alikuwa anatafuta hofu inapokaa, na alishuku kipande cha ubongo nyuma ya paji la uso, kidogo kama punje ya mtama. Kwa mrija mwembamba walidondosha tone la dawa palepale, halafu wakapima. Kipimo chenyewe rahisi: mtu mgeni, kavaa barakoa, anasimama mbele ya kizimba dakika kumi bila kusema neno. Tumbili mwenye wasiwasi anakimbilia juu kabisa, anaganda. Aliyetulia anashuka kuchungulia.

Siku ya kumpima Shangazi, mgeni aliyepangwa akaumwa tumbo.

"Mjomba," Daktari alimwita, "wewe si wa chumba cha pili? Shangazi hakujui. Tuokoe."

Kweli, alikuwa wa chumba cha pili. Ila wiki tatu nzima alikuwa amemshikia zamu mwenzake wa chumba hiki, aliyefiwa na baba mkwe, na hawakuandika popote. Watunzaji ndivyo wanavyobebana. Alifungua mdomo aseme. Lakini mtu wa diploma, kila siku anaitwa kuzoa kinyesi, leo kaitwa kwenye sayansi! Akafunga mdomo, akavaa barakoa.

Akasimama. Feni ilivuma taratibu, mwanga wa dirishani ukaingia mweupe kama maziwa, na chumba kizima kikawa kama kimejaa maji yaliyotulia. Miguu aliihisi kwa mbali, kama ya mtu mwingine. Akamwona mdogo wake, Kitinda wao, anavyosimama mlangoni kwake kila asubuhi, viatu miguuni, mkoba begani, na kwa hofu kizingiti hakivuki. Mwaka wa pili huu. Alipokumbuka kupepesa macho, Shangazi alikuwa anashuka. Tawi hili, tawi lile, polepole kama jani lisilo na haraka ya kufika chini. Akasogea hadi kwenye wavu, akamtazama machoni.

Nyuma ya kioo cha kuchungulia, watu wa maabara walikumbatiana.

Jioni mtunza tumbili alipitia kwa mdogo wake, anaelea.

"Kitinda, dawa ya wasiwasi imepatikana."

"Acha utani, kaka."

"Haki tena! Tumbili mwoga kuliko wote kashuka kama anakwenda sokoni."

Kitinda akacheka. Miezi mingapi hajacheka! Akatazama mlango, akamtazama kaka yake. "Huyo mgeni aliyesimama hapo alikuwa nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Kicheko kikapungua kidogo kidogo. "Kwani hakujui?"

Kaka akakuna kidevu. Akaeleza zile wiki tatu.

"Basi hata mimi ningeshuka," Kitinda alisema kwa upole, akavua viatu alivyovaa tangu asubuhi.

Asubuhi mtunza tumbili alimsubiri Daktari koridoni, akamwaga yote. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Mjomba, jana nimempigia simu kila mtu ninayemjua."

"Mimi nimemwambia mmoja tu, Daktari, lakini huyo ananiuma."

Daktari akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya matokeo ya Shangazi. Aliukandamiza mpaka karatasi ikataka kuchanika. Kisha akashusha pumzi. "Tutarudia wiki ijayo. Na daftari la zamu nitalishika mimi."

Wiki ikafika. Tone lilelile, kipimo kilekile. Mgeni safari hii alikuwa fundi umeme ambaye hajawahi kukanyaga korido ile, mrefu kama nguzo zake. Mtunza tumbili hakuruhusiwa hata kukohoa karibu na mlango, akakaa mbele ya skrini kwenye chumba kingine. Mfukoni alikuwa na ujumbe wa Kitinda kwenye simu: *Uniambie ukweli, kaka, vyovyote itakavyokuwa.*

Dakika ya kwanza ikapita. Ya tatu. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa cha kijivu na kimya, kama ndoto mtu anayoiota kwa niaba ya mwenzake. Fundi amesimama. Shangazi yuko juu kabisa, mkia umening'inia, kifua kinapanda na kushuka.

Dakika ya saba. Kichwa kikageuka kidogo.

Mtunza tumbili akasogeza kiti mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye skrini.

"Shuka basi, mama," alinong'ona. "Tawi moja tu. Nakuomba."