Nguruwe wa Mwenyekiti Wanaitika Majina

Jumatatu asubuhi Teodora alikuwa nyuma ya nyumba yake, Busisi, anawakatia nguruwe wake wawili majani ya viazi. Pumba alishazichanganya na vumbi la dagaa. Maganda ya mihogo yalikuwa bado juani, maana mabichi yana sumu, na machicha aliyopewa na jirani muuza pombe yalikuwa kwenye ndoo yamejaa inzi. Kati ya nyumba yake na shule ya msingi kuna uwanja wa mpira tu, kwa hiyo majina yakiitwa mstarini anayasikia yote.

"Winnie Shigela!" mwalimu akaita.

"Nipo, mwalimu!"

Teodora akaweka panga chini. Winnie alikuwa ndani, amelala mkekani na beseni la matapishi pembeni. Mama mtu akachungulia dirishani, akamkuta palepale. Akarudi akamaliza kukata majani, akawalisha nguruwe, akanawa mikono, akaenda shuleni.

Sauti ilikuwa imetoka kwenye banda la mzee Machibya, mwenyekiti wa kamati ya shule. Banda lake limeegemea uzio wa shule, upande wa jikoni. Nguruwe jike mweupe, sikio moja limechanika, alikuwa ameweka miguu ya mbele juu ya ubao anautazama mstari. Alipomwona Teodora akasema, "Shikamoo mama." Ilikuwa sauti ya Winnie kabisa, ila imekwaruza kidogo kwa baridi ya ziwani.

"Marahaba. Umekula nini wewe?"

"Mahindi yako, mama. Yale ya kwenye turubai la bluu."

Teodora akayaona kwenye hori, meupe, makavu. Mwaka ule mvua ilikataa kuisha, mahindi yakaozea shambani. Ya mchango wa uji wa shule aliyaanika kwenye turubai lile, akayachambua punje kwa punje, akayaingiza ndani kila wingu lilipopita. Na haikuwa kwamba watu hawajui. Wakati wa mavuno bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akawakusanya, akawaambia mahindi yenye ukungu wasiwape nguruwe hata kwa bahati mbaya. Sumu yake haitoki kwa kupika, alisema. Jike atatupa mimba, vitoto vitadumaa, ini litaharibika. Watu walisikiliza sana, kwa sababu nguruwe ni mali. Habari za watoto wa watu hakuna aliyeuliza, na yeye hakuzitaja. Alikuwa ametumwa kwa nguruwe.

Teodora akapita jikoni. Fadhila, mpishi wa shule, alikuwa anakoroga uji. Akaulizwa mahindi ya kusaga uji yako wapi, akafungua gunia. Yalikuwa ya kijani kwenye kiini, mengine meusi, yameshikana kama udongo. Teodora akaonja uji. Ukamwachia uchungu mwisho wa ulimi.

"Mimi napika kinacholetwa, mama Winnie," Fadhila akasema. "Nikifungua mdomo, kesho anapika mwingine. Sufuria ni lilelile."

Machibya alikuwa bandani kwake anagongelea ubao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Winnie. Mtoto anaendeleaje?"

"Anatapika."

"Pole sana. Mpeleke zahanati. Malaria ya mwaka huu ina hasira."

"Mahindi tuliyochanga yako kwenye hori lako, mzee."

"Yapo," Machibya akasema, akatoa msumari mdomoni. "Yangu yalioza, si uliona mvua ilivyotufanya? Nikajaribu kuwapa hawa. Wakanusa, wakakaa chini. Nguruwe humdanganyi, mama. Nikabadilishana na shule, gunia kwa gunia. Shule haijapungukiwa hata kilo."

"Watoto wanaumwa."

"Watoto huumwa kila mwaka. Nguruwe huyu akifa, bwana mifugo anampasua, anasema ni mahindi. Mtoto akifa ni malaria, ni minyoo, ni bibi yake wa upande wa baba." Akaurudisha msumari kwenye ubao. "Mtoto ana mambo mengi."

Yule jike mweupe akacheka kidogo, kicheko cha Winnie, akarudi kula.

Mwalimu Revocatus, aliyekuwa anaita majina, hakuona tatizo. "Jina limeitwa, limeitikiwa," alimwambia Teodora. "Nikiandika hayupo nitakuwa nimesema uongo."

Tangu siku hiyo Winnie hakula tena cha shuleni. Teodora alimpikia uji wa nyumbani, mahindi anayachambua mwenyewe mlangoni penye mwanga, na kila punje iliyoingia ukungu akaitupa chooni. Nguruwe wake hakuwapa. Kuku hakuwapa.

Watoto wengine waliendelea kuugua, na kila aliyelala kitandani, bandani alikuwapo wa kumwitikia. Watu walizoea. Mzazi mmoja tu alilalamika kwamba nguruwe anayemwitikia mwanawe anaitika kivivu, kama hataki.

"Na mwanao anaitikaga vipi?" wenzake wakamuuliza.

Kwenye mkutano wa wazazi Teodora alisimama akasema yote: hori, gunia, uji, ukungu. Alimnyooshea Machibya kidole. Baba mmoja akauliza kama na nguruwe watachangia madawati. Watu wakacheka. Machibya akangoja kicheko kiishe, kisha akawatangazia kwamba mgeni wa ofisi ya elimu alipita wiki ile, akasikiliza majina mwanzo hadi mwisho, hakuna lililokosa mtu, na shule yao sasa ndiyo ya kwanza kwa mahudhurio. Walipewa saa ya ukutani. Akainyanyua wote waione. Wakapiga makofi.

"Kaa chini, mama Winnie," akasema kwa upole. "Hasira si nzuri kwa presha."

Mayala, mtoto wa Hellen, ndiye aliyekufa. Macho yalimgeuka manjano, tumbo likavimba, miguu ikabaki kama vijiti. Machibya alikuja msibani, akachimba kaburi kwa mikono yake, akatoa rambirambi. Watu walisema ni malaria. Wengine wakamtazama bibi wa upande wa baba.

Kesho yake asubuhi, Hellen yuko chini kwenye mkeka wa msiba na wenzake, majina yakaanza.

"Mayala Nkwabi!"

"Nipo, mwalimu!"

Hellen akainuka na kanga yake ya msiba, akavuka uwanja. Dume jeusi lilikuwa limesimama pale ubaoni. Tangu hapo kila jioni alikwenda na fungu la majani ya viazi, siku nyingine na mapanki, vichwa na mifupa ya samaki, aliyoletewa na shemeji yake kutoka mjini, akakaa na lile dume mpaka giza lianze. Hakuna aliyemcheka.

"Mama, usilie," lile dume lilimwambia. "Mimi nimeshiba."

Hellen akayameza maneno hayo. Halafu akaja kwa Teodora, wakaenda wote wawili kwa Machibya kumwomba asimuuze huyo mmoja. Hellen alipiga magoti kabisa, pale kwenye matope ya banda.

"Mama Mayala, inuka, unanitia aibu," Machibya akasema. "Mimi nina roho kama wewe. Lakini amefikisha kilo."

"Nitamlisha mwenyewe."

"Akizidi hapo anaweka mafuta tu. Wateja hawataki mafuta."

"Ni mtoto wangu, mzee!"

"Mtoto wako tumemzika, nilichimba mimi," Machibya akasema, na kwa kweli alichimba. "Huyu ni wangu."

Teodora alimwambia maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu mzima. Machibya aliyasikiliza yote, akamuuliza kama amemaliza, akaenda kupokea gari.

Gari lilikuwa la wauza kitimoto, nyama ya nguruwe, wa Mabatini mjini. Lilipovuka daraja kwenda Mwanza na lile dume, waliokuwa wanatembea darajani walisikia sauti ya mtoto ikisema nipo, nipo, kila gari lilipopita nguzo ya taa, kana kwamba kila nguzo inamwita. Hakuna aliyesimamisha gari. Lilikuwa na vibali vyote.

Asubuhi iliyofuata: "Mayala Nkwabi!"

Kimya.

Mwalimu Revocatus akaita tena, akatazama bandani, akaandika utoro. Aliandika hivyo wiki nzima, kisha akaagiza Hellen afike shuleni aeleze kwa nini mwanawe haji. Hellen alikwenda. Aliambiwa asubiri kwenye benchi chini ya ile saa, naye akasubiri. Alisubiri mpaka uji ukagawiwa, watoto wakaunywa wote mbele yake, wengine wakaomba waongezewe.

Winnie alipona, isipokuwa uchovu. Alirudi darasani amebeba chakula chake kwenye kikopo. Mavuno mapya yalipofika tangazo likatoka tena: kila mzazi alete debe la mahindi, makavu, yaliyochambuliwa vizuri, yapokelewe na mwenyekiti. Asiyeleta, mtoto wake wa darasa la saba hafanyi mtihani. Winnie alikuwa wa darasa la saba.

Teodora alijitwika debe. Mbele yake na nyuma yake akina mama wa Busisi walikuwa na madebe yao, mahindi meupe, mazuri, mwaka huo jua liliwaka. Machibya aliyashika, akayang'ata, akayasifu.

"Shikamoo mama," jike mweupe akasema toka ubaoni.

"Marahaba."

"Ni yale ya turubai la bluu?"

"Ndiyo hayohayo. Kula."

Teodora akamtazama mgongo, akamtazama mapaja. Kwa macho yake ya mfugaji aliona kwamba huyu Krismasi haioni.

Aliporudi nyumbani alimsimamisha Winnie nyuma ya nyumba, kati ya pumba na majani ya viazi, akamwambia kuanzia kesho jina lake likiitwa yeye ndiye awahi, kabla ya yule jike, na aseme kwa nguvu mpaka mwalimu anyanyue uso.

"Siku gari likija kumbeba," akasema, "jina lako lisibaki halina mtu. Haya. Winnie Shigela!"

"Nipo."

"Sijasikia. Winnie Shigela!"

"Nipo, mwalimu!"

Ng'ambo ya uwanja, bandani, yule mwingine naye akaitika.

"Tena," Teodora akasema. "Amekuwahi."