Mbuzi Anayelijua Jina la Mke Wangu

Usiku wa jana niliota niko zahanati, mchana kweupe, kwenye foleni ya kupimwa kumbukumbu. Wakubwa wametupangia sisi wazee: ukishindwa kutaja jina la marehemu mkeo, linafutwa kaburini. Kupanga wanajua. Kutuuliza hawajui.

"Mzee Mbwambo, mkeo aliitwa nani?" nesi ananiuliza.

Miaka thelathini na tisa nimeishi na yule mama, na jina silioni. Si ndotoni tu. Tangu juzi lilikuwa linanitoroka hata nikiwa macho.

Kwenye kiti cha daktari amekaa mbuzi. Namjua, ni wa jirani yangu Mama Elinihaki. Amevaa koti jeupe, vifungo anavitafuna kimoja kimoja.

"Jina ninalo mimi," anasema.

"Umelitoa wapi, mnyama wewe?"

"Mkononi mwako. Mchicha aliouacha mkeo nyuma ya jiko, nani anaufyeka kila asubuhi na kunitupia? Wewe chai na mkate, mkate na chai. Mimi nakumbuka mpaka harusi yenu. Ulivaa viatu vya kuazima."

"Mwanamume haingii jikoni. Na hawa wakubwa wangekuwa watu, wangeshaleta..."

"Wangeleta nini? Wa kukutafunia?"

Zahanati imeondoka. Tuko jikoni kwangu. Sahani inakohoa.

"Nesi alisema nusu yangu iwe mboga, kumbukumbu zako zisipotee," inalalamika. "Mwaka wa pili huu nangoja."

"Aoshe kabla ya kukata," chungu kinasema. "Mama hakuwa anakata halafu akaosha. Na karanga zitwangwe."

Naosha. Nakata. Natwanga. Mbuzi anasimamia, mikono nyuma.

Tonge la kwanza, nasikia kandambili za mke wangu uani. La pili, anacheka. La tatu, navuta pumzi nimwite.

"Nakijwa!"

Nimeamka nalo mdomoni. Kumekucha.

"Unamwita nani, babu?" Mama Elinihaki akauliza ng'ambo ya ua.

"Mke wangu. Nakijwa."

"Mwaka mzima sijakusikia ukimtaja!"

Nikachukua kisu, nikaenda nyuma ya jiko. Mbuzi alikuwa ameshatoa kichwa bandani, anangoja.

"Leo utakula majani ya mgomba," nikamwambia. "Mchicha wa Nakijwa nakula mwenyewe."

Akanitazama, akatafuna kidogo, kisha akatema kifungo cheupe.

Nimekiosha. Kiko dirishani jikoni, karibu na chungu.