Uso wa Bwana Utaharibu

Sauti ilianza kazi kabla ya Nusu Inchi kuanza yake. Hajafungua hata mlango wa kiwanda, tayari imeshamwambia kwamba ufunguo ataukwamisha, kwamba shati halimkai, na kwamba chai ataimwaga. Chai aliimwaga kweli mara mojamoja, kama binadamu yeyote, na siku hiyo sauti ilitamba mpaka jioni. Neno lake kubwa lilikuwa moja tu: "Utaharibu." Ndiyo maana Nusu Inchi aliibatiza Bwana Utaharibu.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa nguo, na jina la Nusu Inchi alipewa na wateja enzi zile hakosei zaidi ya nusu inchi, na hiyo nusu mara nyingi mteja ndiye aliyeiongeza kwenye tumbo baada ya kupimwa. Kisha, miaka miwili iliyopita, akaugua. Niseme wazi, maana watu hupenda kunong'ona: ulikuwa ugonjwa wa akili, unaitwa skizofrenia, una dawa na una kliniki. Hakurogwa wala hakulaaniwa, na jirani aliyesema hivyo aendelee kulala usingizi wake. Kwa miezi mitatu fundi wetu aliamini vifungo vyenye matundu manne vinamtazama. Vya matundu mawili navyo vilimtazama, ila kwa adabu.

Alipewa dawa, akapata usingizi, na vifungo vikarudi kuwa vifungo. Sauti peke yake ndiyo iliyogoma kuhama, tena iligomea mahali pabaya. Akiketi kwenye cherehani ilinung'unika tu. Akishona kifungo ilikaa kimya, kazi ya vifungo iliiona ya kitoto. Lakini akisimama mbele ya meza ya kukatia, kitambaa kimetandazwa na chaki imeshachorwa, ilimpigia kelele mpaka mkono ukatetemeka na mkasi ukarudi mezani. Kwa miaka miwili hakukata hata leso.

Kiwanda kilishikwa na dada yake mkubwa. Mwanamke mwema, ila subira alipimiwa kwa kijiko cha chai. Sketi na mashati alikata mwenyewe, lakini suti na suruali za wanaume zilikuwa kazi ya mdogo wake, na sasa zilirundikana kwenye rafu.

"Mdogo wangu," alimwambia siku moja, "nimevumilia. Miezi miwili mingine ikiisha hujarudi mezani, namleta mkataji mwingine. Nimeshaongea naye. Wewe utabaki kwenye vifungo, na hakuna atakayekucheka."

Hilo la kutochekwa ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa fundi wa suti, na sasa anaambiwa kwa upole kwamba atazeekea kwenye vifungo. Alitaka meza yake irudi. Hakutaka kingine.

Mshauri wake kule kliniki alikuwa binti mmoja aliyelelewa vizuri kupita kiasi, wa kugonga mlango wa chumba chake mwenyewe kabla ya kuingia. Kwa bahati alikuwa amemaliza mafunzo ya njia mpya ya kuwasaidia watu wanaosikia sauti.

"Kaka, tutaitengenezea sauti yako uso kwenye kompyuta," alieleza. "Mimi nitakaa chumba cha pili na kipaza sauti. Nikisema, mashine itaigeuza sauti yangu iwe kama yake, na ule uso utafumbua mdomo. Wewe utamjibu. Dawa unaendelea nazo vilevile."

"Nimjibu nini, dokta?"

"Mimi si daktari, ni mshauri. Mjibu unachotaka. Miaka miwili amekuwa akisema peke yake."

"Na tukimpa uso, si tutakuwa tumemkaribisha?"

"Ameshakaa bila kukaribishwa, kaka. Sisi tunawasha taa tu tumwone."

Kutengeneza uso kulichukua vikao viwili, na kosa halikuwa la kompyuta.

"Shingo inchi kumi na tano na nusu," alisema Nusu Inchi. "Hiyo uliyoweka ni kumi na sita."

"Kaka, hapa kuna kitufe cha nyembamba na kitufe cha nene tu."

"Ndiyo maana watu wanavaa vibaya."

Wakaweka sharubu fupi, nyusi zilizokutana katikati, miwani ya duara, na sikio la kushoto lililochomoza kuliko la kulia. Hakujua vitu hivyo anavitoa wapi. Alijua tu kwamba kila kimoja ndicho, na walipomaliza alisogeza kiti nyuma.

Kikao cha tatu, mshauri akahamia chumba cha pili. Uso ukapepesa macho kwenye kioo cha kompyuta, ukafumbua mdomo.

"Samahani," ulisema kwa sauti nzito ya kukwaruza, "kwa maoni yangu, huenda ukaharibu."

Nusu Inchi alicheka mpaka spika za masikioni zikamdondoka. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu alikuwa anachagua, tena analiosha kwanza.

"Dokta!" alipiga kelele kuelekea ukutani. "Bwana Utaharibu haombi samahani!"

"Mimi si daktari, kaka," ule uso wa kutisha ukajibu. "Ni mshauri."

Ikabidi mgonjwa amfundishe mtaalamu. Alimwandikia ukurasa mzima. Anza na mikono, alimwelekeza, sema ni mikono ya kukorogea zege. Usiseme tafadhali. Usivute pumzi katikati, yeye hana mapafu. Mshauri alichukua karatasi akaenda kufanya mazoezi nyumbani, na majirani zake walifikiria nini, hiyo ni habari yao.

Wiki iliyofuata alirudi ameiva.

"Wewe ni fundi au panya?" uso ulinguruma. "Panya naye anakata kitambaa, lakini hajiiti fundi! Toa mikono yako ya zege hapo! Utaharibu, umeshaharibu, ulizaliwa umeharibu!"

Mfagizi aliyekuwa kwenye korido aliangusha ndoo, akaenda moja kwa moja kwa mganga mkuu wa kliniki kutoa taarifa kwamba mshauri amechoka, apewe likizo. Mshauri mwenyewe alikuja mbio kutoka chumba cha pili, amejishika mdomo.

"Kaka, nimezidisha?"

"Hapana," alisema Nusu Inchi. "Umempata kabisa." Na machozi yalikuwa yanamtoka. Miaka miwili alikuwa akiyasikia maneno hayo ndani, ambako hata ukiyachukia huna pa kuyatupia. Sasa yalikuwa mbele yake, yana sharubu. Alijionea huruma, na baada ya huruma akapandwa na hasira safi kabisa. "Rudi kule. Endelea."

Mshauri akarudi. Uso ukafumbua mdomo, lakini fundi aliuwahi.

"Wewe umewahi kukata nini?"

Chumba cha pili mtu alisikika akipekua karatasi, maana swali hilo halikuwamo.

"Nakuuliza. Suruali ngapi?"

"Sijawahi kukata," uso ulikiri.

"Basi kaa pembeni, wenye kazi wafanye kazi."

Tangu hapo kila wiki uso ulishuka ngazi moja. Ndivyo njia ile ilivyopangwa: mtu akisimama, sauti nayo inalegezwa kidogo kidogo. Kikao cha sita ulisema, "Labda mimi ni mwoga tu," na Nusu Inchi akarudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai.

Bwana Utaharibu wa kichwani hakuhama. Ila alianza kusema kwa mashaka, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Hata hivyo mkasi bado ulimshinda. Siku zilikuwa zinakwisha, na mkataji mpya alishaambiwa aje Jumatatu.

Fundi hafanyi kazi bila picha, kwa hiyo aliomba picha ya ule uso, akachapishiwa. Aliibandika ukutani juu ya meza ya kukatia, apate kufanya mazoezi ya kuujibu, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: BWANA UTAHARIBU. USIMSIKILIZE. Dada yake aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu anayekutukana? Mshenzi," alisema. "Lakini mbona kama nimewahi kumwona?" Kisha akaifyonya, na kila alipopita akaifyonya tena.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya mkataji kuja, Dada alikuwa anapiga zipu kwenye sketi. Aliinua uso kutazama nani amebisha hodi. Mlangoni palikuwa na miwani ya duara, sharubu fupi, nyusi zilizokutana, na sikio la kushoto lililochomoza.

Alipiga ukelele wa kuamsha mtaa. Akanyakua rula ya mbao.

"Ametoka! Mdogo wangu, ametoka kichwani!"

Yule mtu aliganda. Macho yake yalipanda ukutani, yakakuta uso wake mwenyewe, yakasoma maandishi.

"Nimefanya nini?" alinong'ona.

Nusu Inchi alitokeza kutoka nyuma ya pazia, akamwona Bwana Utaharibu amesimama mlangoni. Lakini kliniki walimfundisha jambo moja: ukiwa na shaka, muulize mtu unayemwamini.

"Dada, na wewe unamwona?"

"Namwona! Amevaa koti!"

"Basi ni mteja. Shusha rula."

Alikuwa mkutubi wa maktaba, mtu aliyemaliza nusu ya maisha yake akiwaomba watu wasipige kelele, na ile ya Dada ilikuwa imemtikisa. Walimpa kiti na maji. Ndipo mambo yakafunguka. Alileta kitambaa cha suruali wiki ileile Nusu Inchi alipougua. Na Dada, kwa kuwa mafundi wa nguo wana siku moja tu ya kumaliza kazi, nayo ni Jumamosi ijayo, alimwambia aje Jumamosi ijayo. Alikuja. Akaambiwa ijayo, na Dada, macho kwenye cherehani, hakumtazama vizuri hata mara moja. Kwa miaka miwili alikuwa anakuja, na Nusu Inchi alikuwa anamchungulia kwenye upenyo wa pazia na kujificha kwa aibu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka alipoulizwa uso wa sauti ulivyo, akautaja wa huyu bila kujua.

"Kwa nini hukuchukua kitambaa ukapeleka kwingine?" Dada aliuliza kwa ukali, maana alikuwa ameumbuka.

"Nilisikia fundi anaumwa," alisema mkutubi kwa sauti yake ya maktaba. "Suruali aliyonishonea kwanza ina miaka sita, na bado inanikaa. Nikaona nimsubiri."

Nusu Inchi alishindwa pa kuweka mikono. Mtu mmoja duniani alikuwa akimsubiri kwa heshima, na uso wa mtu huyo ndio aliompa mtukanaji. Aliona haya, akacheka, akaona haya tena.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimeuazima uso wako bila ruhusa."

"Haina neno." Mkutubi aliikagua picha. "Ila sikio mmelizidisha."

"Sikio ni hilohilo," alisema Nusu Inchi, maana kwenye vipimo hajui kubembeleza. "Simama. Nyoosha mgongo."

Akavuta futi ya shingoni, akapima kiuno, akapima paja, akapima urefu wa ndani, na Dada akawa anamwandikia bila kuambiwa. Kitambaa cha kijivu kilishushwa kutoka kwenye rafu, kikapigwa vumbi, kikatandazwa. Chaki ikapita.

"Mkataji anakuja Jumatatu," Dada alisema taratibu. "Si lazima leo."

"Mkasi, Dada."

Aliutoa kwenye mtoto wa meza, akampa.

"Utaharibu," ilisema sauti.

Nusu Inchi aliingiza kitambaa mdomoni mwa mkasi, akakata. Mguu wa mbele wa kulia ukatoka. Wa kushoto ukatoka. Mkutubi alikuwa amesimama wima, hajaambiwa akae, anapumua kwa hadhari. Kwenye mfuko mkono ukateleza, na mkasi ukaipita chaki kwa inchi nzima.

Dada alifumba macho.

"Si nilikuambia!" sauti ilishangilia. "Si nilisema!"

Nusu Inchi aliweka mkasi chini, akatazama lile kosa. Lilikuwa kosa tu, lina mwanzo na mwisho, kwenye kitambaa.

"Kweli," alisema kwa sauti. "Uliniambia."

"Mimi sijasema kitu," mkutubi alijitetea.

"Si wewe, ndugu yangu. Ni yule mwingine."

Kisha akachukua chaki, akausogeza mfuko mbele kidogo, akachora mstari mwingine, akaushika mkasi. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alikata hivyohivyo na kutetemeka kwake, mguu wa nyuma wa kwanza, akageuza kitambaa, akaanza wa pili.

Dada alitoka nje kizingitini na simu yake. Alidhani anaongea chini, lakini hajawahi kuweza.

"Jumatatu usije," alisema. "Hapana, hajapona kabisa. Amekosea sasa hivi, nimeona kwa macho yangu. Amekosea na bado anakata." Akavuta kamasi. "Ndiyo. Meza ina mwenyewe."